Ndoa ya Simu na Karatasi za Ubalozi

Hotuba ya Mwenyekiti katika maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi, Mbagala, Wilaya ya Temeke

   

Tulianza mwaka 2016, kina mama kumi na nane, wauza vitumbua, wauza mkaa, mama lishe na mafundi cherehani, tukiwa na sanduku moja la bati na kufuli tatu, na kila kufuli na mtu wake. Watu walisema hawa watagombana kabla ya mfungo. Hatukugombana. Au niseme tuligombana tukapatana. Leo tumesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tuna katiba, tuna akaunti. Mambo ya hisa na faida atayasoma mweka hazina, mimi simwingilii, maana akisoma yeye hata senti haipotei.

Mimi kamati imeniomba nizungumzie jambo moja tu, lile lililotuletea maneno kwenye mkutano mkuu. Jambo lenyewe ni mikopo ya safari ya ndoa. Yaani mama anakuja kukopa ili binti yake amfuate mume Ulaya, Marekani au Uarabuni, na ukiuliza ndoa ilifungwa lini na wapi, unaambiwa ilifungwa kwa simu. Wapo walionung'unika kwamba mwenyekiti anaingia kwenye vyumba vya watu. Sawa. Lakini mimi siingii chumbani, mimi nafuata hela ya kikundi, na hela imeingia huko. Kwa hiyo nimeambatana nayo.

Nianze na mambo tunayoyaona wenyewe mitaani. Zamani posa ilikuja na mshenga. Mshenga alikuwa mtu mzima, ana kwao, mnajua alipozaliwa na deni lake dukani. Akisema uongo mnamfuata nyumbani. Siku hizi mshenga ni simu. Binti anapatana na kijana mtandaoni, au dada wa kijana anaonyesha picha ya binti kwa kaka yake aliyeko London au Muscat, wanaongea miezi mitatu, minne, kisha kijana anasema nimeridhika, nataka kuoa, ila likizo sina. Mahari inatumwa kwa simu. Siku ya siku mkeka unatandikwa, ubani unafukizwa, shehe anakaa, wali anakaa, simu inawekwa juu ya mto kama mgeni wa heshima. Kijana anaonekana kwenye kioo kavaa kanzu. Anaambiwa sema nimekubali, anasema nimekubali, mtandao unakatika, anapigiwa tena, anasema tena. Vigelegele. Pilau. Jioni binti ni mke wa mtu, na mume hajawahi kumshika mkono.

Ilizidi sana mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya korona. Watu waliokuwa wamepanga kuja hawakuweza kuja. Korona ikapita, simu ikabaki.

Sasa kabla shehe wetu hapa hajanikunjia uso, naomba niseme wazi kwamba sikuja kufundisha dini. Wakala katika ndoa upo. Mume anaweza kumwakilisha mtu kwa maneno ya wazi, amtaje binti kwa jina na mahari kwa kiasi, na yule wakala akakaa mbele ya wali na mashahidi akamkubalia. Hilo wazee wetu wanalijua. Simu ndiyo yenye maneno. Mwaka 1990 wanazuoni wa baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu walikutana Jeddah, wakasema mikataba ya biashara inaweza kufungwa kwa vyombo vya mawasiliano, lakini ndoa wakaitoa kwenye ruhusa hiyo, kwa sababu ndoa inataka mashahidi. Wapo mashehe wengine wanaoruhusu, hayo nawaachia wenyewe. Na ndugu zangu Wakatoliki mnaocheka huko nyuma, msicheke. Sheria za Kanisa lenu nazo zinaruhusu mtu kuoa kwa wakili, kanuni ya 1104 na 1105, kwa hati maalumu. Kwa hiyo jambo hili si la Waislamu peke yao.

Lakini dini ni dini na serikali ni serikali, na anayetoa viza ni serikali. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa.

Mimi nimeishia darasa la saba, mwaka 1985. Sheria nimeelezwa na binti mmoja mwanasheria wa msaada wa kisheria, aliyekaa nasi Jumamosi mbili akatusomea kifungu kwa kifungu, na sisi tukimwuliza hadi akachoka. Sheria ya Ndoa ya nchi hii ni ya mwaka 1971. Ni rika langu, mimi nimezaliwa mwaka huo huo. Inawahusu wote wa Tanzania Bara, Waislamu, Wakristo, wa bomani na wa kimila. Kifungu cha 38 kinataja ndoa zilizo batili, yaani zisizo ndoa hata kama ng'ombe amechinjwa. Humo mna ndoa ya watu wasioweza kuoana kwa udugu, mna ndoa ambayo mmoja hakuridhia kwa hiari yake, na mna hii: ndoa ambayo wote wawili, mume na mke, hawakuwepo wenyewe pale ilipofungwa.

Tulimwambia asome tena. Akasoma tena. Wenyewe, kwa miili yao. Si kwa wakala wala kwa kioo.

Mama mmoja akauliza, mbona kuna maneno kwamba ukikaa na mtu miaka miwili serikali inahesabu mmeoana? Yapo, ni kifungu cha 160, lakini ni kwa mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja wakahesabika na majirani kuwa mume na mke. Huwezi kukaa pamoja na mtu aliye kwenye chaji. Mwingine akasema basi twende Zanzibar, kule sheria hii haitumiki. Kweli haitumiki, ndoa za Waislamu kule ni mambo ya dini na Mahakama ya Kadhi. Lakini ndoa iliyofungwa Mbagala imefungwa Mbagala. Kwenda kutafuta karatasi ng'ambo ya maji kwa shughuli iliyofanyika Charambe ni kughushi, wala hakuna jina lingine.

Kuna jingine katika sheria hiyo ambalo tunalichukulia kama usumbufu, nalo ni siku 21. Kifungu cha 18 kinataka watu wanaotaka kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, kwa yule atakayefungisha. Humo wanaandika majina, umri, wazazi, kama mtu ameshaoa au aliacha au alifiwa, na kama ndoa ni ya mke mmoja au ya zaidi. Taarifa inatangazwa. Mwenye pingamizi anajitokeza, na mke wa kwanza naye ana haki ya kupinga. Mimi nasema siku 21 zile ni macho ya majirani yaliyoandikwa kwenye sheria. Mwanamume wa simu nani atamwekea pingamizi? Mke wake yuko Birmingham, hajui hata Mbagala iko upande gani.

Na wanakuwepo wake hao. Usifikiri. Wengine wameoa kule kwa ajili ya karatasi za ukaazi, wanasema ile si ndoa, ni karatasi tu. Kwako ni karatasi, kwa serikali ya kule ndiyo ndoa. Uingereza haimwingizi mke wa pili kama mke. Hata akiwa mke halali kwa dini na kwa sheria yetu ya hapa, mlango ule haupiti.

Sasa twende ubalozini. Nitakaa zaidi kwenye Uingereza kwa sababu maombi mengi yaliyokuja kwenye kikundi chetu ni ya huko.

Waingereza hawaikatai ndoa ya wakala kwa kusikia jina lake tu. Wanauliza swali moja: ilifungwa wapi, na sheria ya hapo inaikubali? Kama inaikubali, nao huwa wanaikubali. Sasa rudini kwenye kifungu cha 38, mjijibu wenyewe. Na ukisema ilifungwa kule London kwa sababu shehe alikuwa upande wa bwana harusi, umejitoa moto ukajitia kwenye makaa, kwa sababu nikaha ya sebuleni isiyofuata taratibu zao za usajili haiwi ndoa kwa sheria ya Uingereza. Mahakama yao ya Rufaa ililisema hilo mwaka 2020. Na mwaka 2008 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeikataa ndoa ya simu ya kijana aliyekuwa Uingereza na binti aliyekuwa Bangladesh. Sheria ya Bangladesh iliikubali, Waingereza wakakataa. Yule kijana alikuwa na ulemavu wa akili, hakuwa na uwezo wa kuelewa kwamba anaoa.

Tuseme ndoa ni nzuri, haina doa. Bado. Wote wawili lazima wawe wamefika miaka 18, na lazima wawe wameshaonana uso kwa uso. Hapa kwetu umri wa binti bado ni vita. Sheria ile ya 1971 iliandika miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, ilisema ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hivyo hivyo. Ubalozini hawana haja na mjadala huo, chini ya 18 hapiti.

Kisha mume aonyeshe kipato. Tangu Aprili 2024 kiwango kwa wanaoanza maombi ni paundi 29,000 kwa mwaka, kwa shilingi zetu zaidi ya milioni 90. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2012, ilikuwa 18,600. Kwa hiyo yule shemeji anayewaambia mbona rafiki yangu alimleta mkewe kwa mshahara mdogo, inawezekana anasema kweli, ila ni ukweli wa zamani. Mwulize anafanya kazi gani na mshahara wake umeandikwa wapi. Kijana anayeosha magari na kulipwa mkononi anaweza kuwa mchapakazi na mcha Mungu, lakini hela hiyo ubalozini haionekani.

Binti afanye mtihani wa Kiingereza, wa kusema na kusikiliza, daraja la chini kabisa wanaloliita A1. Apimwe kifua kikuu kwenye kliniki wanayoikubali wao, si zahanati ya mtaani. Alipe ada ya maombi, na juu ya ada alipe mchango wa hospitali, ambao tangu Februari 2024 ni paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Viza ya kwanza ni miezi 33, wanahesabu miaka mitatu, kwa hiyo ni paundi 3,105, kama shilingi milioni 10, bado nauli, bado pasipoti yetu yenyewe ya shilingi 150,000. Mkikuta mtu anawaambia milioni tatu inatosha kila kitu, muulizeni nyingine analipa nani.

Kanada wao wamefunga kabisa. Tangu tarehe 11 Juni 2015 ndoa ya wakala, ya simu au ya mtandao haihesabiki kwa mtu anayetaka kumwita mwenzi wake, hata ikiwa halali kule ilikofungwa. Marekani sheria yao inasema ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja mbele ya macho ya mwenzake si ndoa ya uhamiaji, isipokuwa baada ya ndoa wawe wamekutana kimwili. Hapa watu wazima tumeelewana, siendelei. Tena tangu Januari 2026 Marekani imewawekea Watanzania vizuizi zaidi vya viza, kwa hiyo anayeahidiwa Marekani sasa hivi aulize mara mbili. Oman ilikuwa na jambo lake. Mwomani akitaka kuoa mgeni alitakiwa kuomba kibali cha serikali yake, na waliooa bila kibali walipata tabu na karatasi. Sultani aliiondoa kanuni hiyo kwa amri ya mwaka 2023. Wapo wanaotaka leo kuoa kwa siri kwa kisingizio cha kibali kile. Kisingizio hicho kimekwisha.

Wenzangu, nina habari moja ya humu humu kwetu. Mwenyewe, mama wa binti, amenipa ruhusa niieleze, tena aliniambia nitaje jina. Jina nimekataa kulitaja mimi. Yuko hapa, na leo kapika.

Binti yake aliolewa kwa simu na kijana aliyeko nchi moja ya Ulaya. Familia ya kijana ni watu wa heshima, hakuna aliyedanganya umri wala kazi. Mahari ilitoka. Mama alikopa kwetu shilingi milioni tatu kwa ajili ya maombi ya viza, kwa ahadi kwamba mkwe atarudisha. Shehe aliyefungisha alijaza cheti kama vyeti vyote vinavyojazwa: mahali, Mbagala, tarehe, fulani, mume yupo, mke yupo, mashahidi wawili. Sehemu ya saini ya mume alitia saini kaka wa mume. Nadhani hakuna aliyeona ubaya, kila mtu alikuwa na haraka, wali unapoa.

Afisa wa viza akachukua cheti na akachukua nakala ya pasipoti ya mume. Cheti kinasema mume alikuwa Mbagala siku ile. Pasipoti haina muhuri wa kuingia Tanzania mwaka mzima ule. Akalinganisha saini ya cheti na ya pasipoti. Basi. Hakuhitaji kumpigia mtu simu. Barua ya kukataliwa ilipokuja haikusema kwamba ndoa ya simu haikubaliki. Ilisema mwombaji ametoa hati ya uongo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ni baya kuliko la kwanza. Kukosa sharti utaomba tena. Uongo unaandikwa kwenye jina lako. Kwa Waingereza, mtu aliyekutwa na udanganyifu kwenye maombi anaweza kufungiwa miaka kumi. Kwa Marekani kufungiwa hakuna mwisho, labda upate msamaha maalumu. Binti yule hakuandika hata herufi moja kwenye cheti kile, lakini fomu ina jina lake na picha yake.

Kijana alihangaika mara ya kwanza, mara ya pili, kisha simu zikapungua. Mwaka wa pili akaanza kujibu kwa ujumbe. Sasa hajibu. Hela haikurudi. Mama ameulipa mkopo wetu kwa mihogo na samaki wa kukaanga, wiki kwa wiki, miaka miwili na miezi minne, hakuruka marejesho hata mara moja, na mweka hazina ni shahidi. Mimi nilikuwa nikimwona anakuja na zile noti zinanuka samaki, nikasema moyoni, hii hela si ya viza, hii ni ya kununua barua ya kukataliwa.

Lakini hela ilikwisha kulipwa, hiyo ilikuwa nyepesi. Zito ni binti. Mwaka jana amepata mchumba, fundi wa Tandika, mtu wa kuonekana, anakuja kwa miguu yake. Wakaenda kwa shehe, shehe akasema huyu ni mke wa mtu, alete talaka. Wakaenda kwa mwanasheria, akasema huyu hajawahi kuolewa, hakuna cha kuvunja. Akaulizwa sasa kwenye ile taarifa ya siku 21 aandike nini, ameolewa au hajaolewa? Kwa dini akiandika hajaolewa ni dhambi. Kwa sheria akiandika ameolewa anajinyima. Na cheti kipo, kina mhuri na namba, kinasema ameolewa. Binti ana miaka 26. Anakaa nyumbani kwa mama yake, si mke wala si mwali, wala eda hajui aihesabu kuanzia lini.

Ndiyo maana niliposikia kwenye mkutano mkuu mtu anasema tusiingilie, kila mtu na bahati yake, nilinyamaza tu. Nilikuwa namwangalia yule mama.

Basi tufanyeje? Kamati haikusema mabinti wasiolewe mbali. Wapo waliokwenda na wamekaa vizuri, wengine wametuletea hata vitambaa vya meza hivi mnavyoviona. Tunachosema ni kwamba kijana aje. Kama ana nia ya kumlisha mtu maisha yake yote, apate wiki nne za kuja kumwoa. Taarifa inaweza kutolewa kabla hajafika, siku 21 zikaanza kuhesabiwa yeye akiwa bado kazini kwake, na kukiwa na sababu nzuri Msajili Mkuu wa ndoa ana uwezo wa kuruhusu muda huo usisubiriwe. Anafika, wanasimama wote wawili mbele ya mfungishaji mwenye leseni ya serikali, mashahidi wawili, saini za mikono yao wenyewe, kisha mnafuatilia ndoa iingie kwenye usajili wa RITA. Leseni ya mfungishaji mwulizeni kabla ya pilau. Si utovu wa adabu. Mbona fundi umeme mnamwuliza.

Kama kweli hawezi kuja, ipo viza ya mchumba. Uingereza inatoa ya miezi sita, binti anakwenda, wanafunga ndoa kule kwa sheria ya kule, kisha wanaomba ukaazi kama mke. Ila kwa viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi mpaka ndoa ifungwe na karatasi zibadilishwe, na sharti la kuonana uso kwa uso na la kipato liko pale pale. Marekani nao mchumba lazima wawe wameonana ndani ya miaka miwili kabla ya maombi, na akifika wana siku 90 za kuoana. Kwa hiyo mnaona, kila mlango una kitasa kile kile: muonane.

Na waliokwisha kufungishwa kwa simu wakitaka kuwa salama ubalozini, wasipeleke cheti kile. Kijana aje wafunge upya kwa utaratibu, na wakiulizwa waeleze ukweli wote, kwamba kulikuwa na shughuli ya dini kwa simu, na sasa kuna ndoa ya sheria. Mwanasheria wetu alisisitiza sana hapo. Kusema kweli hakuvunji maombi, kuficha ndiko kunakovunja.

Niseme kidogo juu ya maisha kule, ingawa si kazi ya kikundi. Binti akifika, pasipoti yake akae nayo mwenyewe. Mume anayemnyang'anya mke pasipoti ameanza vibaya. Viza ya mke Uingereza inamruhusu kufanya kazi lakini haimpi posho za serikali, kwa hiyo anategemea nyumba ile kwa kila kitu. Akipigwa asidhani kwamba akiondoka atarudishwa siku hiyo hiyo. Sheria ya kule inampa mke aliyeingia kwa viza ya mume na akateswa nafasi ya kuomba ukaazi kwa jina lake. Namba ya polisi ni 999. Mabinti wengi hawaambiwi, na anayejua hawaambii makusudi. Na yule anayekuja na ndoa tano za mabinti watano kwa mpigo, anazo tiketi na anasema bwana harusi mtamwona uwanja wa ndege, huyo si mshenga. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Nendeni polisi, dawati la jinsia.

Sasa azimio la kamati. Mkopo wa safari ya ndoa utaendelea kuwepo, hatujaufuta. Mwombaji ataleta cheti cha ndoa chenye saini za wote wawili, na nakala ya ukurasa wa pasipoti ya mume wenye muhuri wa kuingia nchini uliotangulia tarehe ya ndoa. Kama ni viza ya mchumba, ataleta ushahidi kwamba wameonana, na barua ya kazi ya kijana. Ada italipwa moja kwa moja kunakohusika, haitapita mkononi mwa ajenti. Mkopo hautatolewa kwa ahadi kwamba mkwe atarudisha. Utatolewa kwa hisa za mama na wadhamini wawili, kama mkopo wa genge au wa cherehani. Asiyeridhika ana haki ya kuleta hoja kwenye mkutano wa robo mwaka, tutapiga kura, na mwenyekiti ana kura moja kama wengine.

Fomu mpya iko kwa katibu, kurasa mbili, ameichapa kwa Kiswahili cha kawaida.

Kuhusu binti wa mwenzetu, mashehe wawili waliopo hapa wamekubali kukaa na familia, na barua ya mwisho ya kuomba talaka imepelekwa kwa kijana kupitia baba yake, ambaye ameipokea mkononi na kuahidi jibu. Upande wa sheria mwanasheria amefungua shauri la kuomba mahakama itamke kama ile ilikuwa ndoa au haikuwa. Tumeitwa mwezi ujao. Mama amesema hataki kwenda peke yake, na nauli ya daladala kikundi kitatoa kwa watu sita. Wanne tumeshajiandikisha. Bado nafasi mbili, daftari liko pale mezani karibu na keki.